Na la Kiema Lisomwe

"Jina la bwana yangu mlilisoma kwa kipaza sauti, mkalirudia mara ya pili kwa sababu upepo ulikuwa mwingi. Hili la mwenzenu mmelitia mfukoni. Ni mfuko gani huo, sajini? Nionyeshe na mimi niuone."

"Mama, punguza sauti. Hapa ni kituo."

"Najua ni kituo. Bwana yangu alilala hapa siku nne, kwani sijui?"

Sajini Njogu aliweka kalamu juu ya kaunta, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Alikuwa mtu wa Murang'a, mnene kidogo, mwenye ile subira ya kazini ya kungoja mtu achoke mwenyewe aende zake. Kwa watu wengi ilifaa. Kwa Mumbua haikufaa hata kidogo. Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja aliyekuja kuripoti punda wake amepotea, na kwa vile maneno yalikuwa matamu, haraka ya punda ilikuwa imemwisha.

"Kesi inashughulikiwa," sajini akasema. "Afisa mmoja anasaidia polisi katika uchunguzi. Nilitangaza kwa baraza na ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na bwana yangu alipokuwa akiwasaidia, mbona hamkusema mlinzi mmoja anasaidia? Mlisema Nzuki, mwana wa Nzioka, wa hapa Kwa Kithome, mlinzi wa stoo, amekamatwa kwa wizi wa mahindi ya msaada. Mlibakisha tu kutaja idadi ya mbuzi wake."

Yule mzee wa punda akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Hilo ni jambo la ndani, mama."

"Ndani ya nini?"

Sajini akachukua kalamu yake. Aliita mtu wa punda aje mbele.

Huyu Mumbua alikuwa binti wa Kivuva wa Kanyangi. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha baba yake akaona mbuzi wana haja naye kuliko mwalimu. Alitoka shuleni na kusoma, kuandika, hesabu ya kugawanya, na tabia ya kuuliza swali la pili baada ya kujibiwa la kwanza, tabia ambayo hakuna aliyemfundisha na wengi walijaribu kumtoa. Mwaka wa 1962 aliolewa na Nzuki huku Kwa Kithome, soko dogo lililo mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Zombe. Nzuki alikuwa mtu mkimya ila anapoimba. Kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na akianzisha hakuna aliyebaki nyuma, hata wale wasiojua maneno. Watu walisema hiyo nyumba imepangwa vizuri: mmoja ni wa kuongea, mwingine ni wa kuimba. Walipata watoto watano, wa kwanza Kavata, na Mumbua alisuka viondo akauza, na hivyo ndivyo sare za shule zilivyonunuliwa.

Alisuka vizuri. Hilo atalisema mtu yeyote, hata asiyempenda, na hao walikuwepo. Angeweza kuona kiondo cha mtu kikining'inia mgongoni akakwambia ni mkonge wa wapi, umesokotwa na mwanamke wa umri gani, na alikuwa na haraka au hakuwa nayo.

Mwaka wa 1984 mvua haikunyesha. Yaliyotokea Ukambani mwaka huo wanaojua wanajua, na wasiojua hawatajua kwa kuambiwa. Kwa Kithome ililetwa stoo ya mahindi ya msaada, yale ya njano kutoka ng'ambo. Watu waliyalalamikia kwamba muthokoi wake, yale mahindi ya kukobolewa, una harufu, wakaupika, wakaula, wakarudi kupanga foleni. Mahindi yalikuja katika magunia meupe ya nailoni yenye mstari wa buluu ubavuni. Karani wa stoo alikuwa mkali juu ya magunia hayo kuliko alivyokuwa juu ya mahindi yenyewe. Kila mama alikuja na kiondo au debe lake, akamwagiwa kipimo chake, na gunia tupu likakunjwa, likafungwa pamoja na mengine, likarudishwa wilayani kuhesabiwa. Gunia halikutoka. Wanawake waliyatazama yale magunia kwa macho ya kutamani, maana uzi wake ulikuwa imara na mkonge ulikuwa umekauka shambani, lakini karani hakuachia hata moja.

Nzuki akapewa kazi ya kulinda stoo. Ufunguo ulikuwa mmoja kwa karani na mmoja kituo cha polisi, ukining'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Jumapili asubuhi Nzuki aliruhusiwa kwenda kanisani, kwa sababu bila yeye nyimbo zilikufa, na kwa saa hizo tatu askari mmoja kutoka kituoni alikuja kukaa kwenye kiti chake. Mpango huo ulikuwa mzuri, na wote waliusifu.

Mwezi wa tisa karani akahesabu, akakuta magunia tisa hayapo.

Ilichukua muda gani kumkamata Nzuki? Muda wa kunywa chai. Walikuja askari wawili wakamwambia vua viatu, vua mshipi. Alivua viatu vyake vya mpira wa gari, akavua mshipi, na kwa kuwa mwaka huo kila mtu alikuwa amekonda, suruali haikuwa na kitu cha kushikilia. Akavuka soko zima, siku ya soko, ameshika suruali kwa mkono wa kushoto, na wale wanawake waliokuwa wanapanga foleni ya mahindi wakageuka wote pamoja. Mumbua alikuwa kwenye foleni. Kiondo chake kilikuwa kimebakiza watu wanne kabla ya kujazwa. Alitoka, akawafuata.

Kituoni sajini aliandika majina ya watu wote waliowahi kukaa na stoo ile. Nzuki akasema, kwa sauti yake ya chini, "Na Jumapili huwa ni askari."

"Askari hahesabiwi," akaambiwa.

Ijumaa ya wiki hiyo kulikuwa na baraza, na jina likasomwa kama lilivyosomwa. Siku ya nne wakamwachilia, kwa sababu hawakupata kwake hata punje moja ya njano ambayo haikuwa ya kipimo chake. Walimrudishia mshipi. Wakamwambia atie sahihi hapa. Hakuna aliyechukua kipaza sauti kusema ameachiliwa. Karani alikuwa tayari ameweka mlinzi mwingine.

Jumapili iliyofuata, Mzee Jonah wa kanisa aliwafikia mlangoni. Jonah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na mtu wa taratibu anaweza kukuumiza bila hasira yoyote.

"Ndugu Nzuki," akasema, "sisi hatukuhukumu. Lakini jina lako limesomwa na serikali. Kwa sasa utakaa benchi la nyuma, na nyimbo zitaanzishwa na mwingine."

"Mpaka lini, mzee?" Mumbua akauliza, maana Nzuki asingeuliza.

"Mpaka ajulikane aliyeiba. Siku serikali itakaposoma jina lingine, siku hiyo hiyo anarudi mbele."

Benchi la nyuma la kanisa lile lilikuwa la watu waliotengwa: mlevi mmoja, msichana aliyepata mimba, na mtu aliyeoa wa pili. Nzuki alikaa mwisho wake, karibu na mlango, na tangu siku hiyo hakuimba. Hakuimba kanisani wala hakuimba nyumbani, wala hakuimba akichimba mchanga wa mto kutafuta maji, mahali ambapo hata wasio na sauti huimba. Mumbua alimwambia, "Baba Kavata, si uimbe hata kidogo, watoto wanauliza." Akajibu, "Nitaimba nini? Wananiangalia mdomo." Usiku alilala. Mchana alikaa. Alikuwa kama mtu anayengoja kuitwa, na wa kumwita hakuna.

Huo ndio uliokuwa mzigo wa Mumbua, na hakutaka kingine chochote: jina lingine lisomwe, bwana yake arudi mbele.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha kidogo. Siku moja baada ya kikao cha akina mama kanisani, Mumbua aliona kiondo. Kilikuwa cha Ndinda, mke wa Konstebo Kiema, msichana mwembamba aliyekuja kutoka Matiliku na mtoto mgongoni kumfuata bwana yake kwenye nyumba za askari, huko wanakoita laini. Kiondo kilikuwa cha mkonge, lakini kilizungukwa na mikanda miwili ya uzi mweupe wa kung'aa, na kati ya mikanda hiyo kulikuwa na buluu.

Mumbua alikishika, akakigeuza.

"Umesuka wewe?"

"Ni mimi, mwaitu." Ndinda alifurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Mwaitu ni mama, na alimwita hivyo kwa heshima, si kwa ukoo. "Kimeharibika hapa chini lakini."

"Hakijaharibika. Huu uzi ni wa wapi?"

"Ni wa gunia. Bwana yangu aliniletea magunia matatu, akasema nichome. Kuchoma gunia zuri namna hiyo, mwaitu, na mkonge hakuna? Nikayafumua usiku na mchana. Uzi wake haukati vidole."

Mumbua akasema ungependeza ukitiwa rangi nyekundu, na akaomba kipande ajaribu. Ndinda akampa bonge zima, la ukubwa wa ngumi. Mumbua akalitia kifuani, akaaga.

Kiema alikuwa ameficha mahindi vizuri. Magunia sita yalikuwa yamekwenda na pikapu ya mfanyabiashara Jumapili moja, yeye ndiye amekaa kwenye kiti cha Nzuki na watu wote wakiwa kanisani, na Ndinda mwenyewe akiwa kanisani. Matatu aliyamwaga kwenye pipa la bati nyumbani kwake, akafunika. Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba huwezi kumpa mwanamke Mkamba gunia imara wakati wa ukame halafu umwambie achome. Angempa mke wa mtu wa kabila lingine labda lingechomwa.

Mumbua hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kituoni, akaweka lile bonge juu ya kaunta mbele ya Sajini Njogu.

"Hesabu za karani zinasema hakuna gunia lililotoka," akasema. "Basi huu uzi umetoka wapi? Uliza kwenye laini yako, nyumba ya tatu."

Sajini alilivuta lile bonge, akafumua kidogo, akaona buluu. Na kusema kweli, hapo alifanya kazi yake. Alimwambia asiseme na mtu, akapeleka habari, na baada ya siku mbili akaja inspekta kutoka wilayani. Wakaingia nyumba ya tatu, wakakuta pipa. Kiema akachukuliwa.

Lakini alichukuliwaje? Mumbua alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ameona yote. Kiema alitoka na kofia kichwani. Viatu miguuni, vimepigwa rangi. Mshipi kiunoni, na kifungo chake cha shaba kinang'aa. Akaingia kwenye Landrova, kiti cha mbele karibu na dereva, kama mtu anayekwenda likizo. Na ndivyo watu walivyosema kesho yake: Kiema amekwenda likizo. Ijumaa sajini akasimama kwenye baraza akasema yale maneno yake ya afisa mmoja anasaidia, akaendelea na habari za chanjo ya ng'ombe.

Watu wakaelewa walivyotaka. Wakasema, kumbe Nzuki alikuwa na mwenzake.

Mumbua alimwendea Mzee Jonah, akamweleza kila kitu, uzi, pipa, nyumba ya tatu. Jonah alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Kavata, mimi nakuamini," akasema. "Lakini wewe ni mke wake. Serikali haijasema."

Ndiyo maana alikuwa kwenye ile kaunta asubuhi ile, akiuliza habari ya mfuko.

Baada ya mzee wa punda kumaliza shida yake na kuondoka kwa shingo upande, Mumbua alikuwa bado amesimama pale pale.

"Sasa unataka nini tena?" sajini akauliza.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Lalamiko langu. Kwa hicho kitabu."

Kitabu kile kikubwa cha matukio, ambacho polisi wenyewe hukiita OB, kilikuwa wazi kwenye kaunta. Mumbua alikuwa amekisoma kichwa chini miguu juu siku zote nne za bwana yake, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kusoma. Alijua kwamba kila jambo linapewa namba. Alijua kurasa nazo zina namba, na mtu aking'oa moja pengo linaonekana. Alijua pia kwamba kila mwisho wa mwezi inspekta huja kukipitia na kuweka sahihi.

"Siwezi kuandika hiyo, mama. Si uhalifu."

"Basi andika kwamba umekataa kuandika."

Sajini alimtazama. Kisha akachukua kalamu, kwa sababu hilo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Akaandika mstari mmoja. Mumbua akainamisha kichwa akasoma.

"'Mama amekuja kulalamika.' Amelalamika nini? Njaa? Mume? Andika: anauliza kwa nini jina la Nzuki mwana wa Nzioka lilisomwa kwa baraza alipokamatwa, na jina la Konstebo Kiema halikusomwa. Konstebo ina k mbili ama moja?"

"Mimi ndiye naandika."

"Andika basi."

Siku ya soko iliyofuata alirudi, na kiondo chake ambacho hakijaisha, akakaa kwenye benchi akisuka mpaka zamu yake ikafika. Akaandikisha lalamiko lile lile. Likapewa namba nyingine. Siku ya soko iliyofuata, tena. Askari wadogo wakaanza kumwita Namba, wakimwona mbali wanaambiana, "Afande, Namba amekuja." Aliitika. Mwisho wa mwezi inspekta alikuja, akatia sahihi bila kusoma, maana lalamiko lilikuwa mara tatu tu na macho yake yalikuwa kwenye kesi ya ng'ombe.

Mara ya tano sajini alitoka nje ya kaunta, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Akakaa kwenye benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Mama, nikuambie kitu kama ndugu yako. Yule msichana bado yuko kwa laini. Ana mtoto anayenyonya. Nikisoma hilo jina kwa baraza, atapitia wapi? Atachekwa kwa mto, atachekwa kwa kanisa. Kesi itafika kortini, na huko jina litasomwa tu."

"Korti iko Kitui. Watu wa hapa watalisikia na masikio ya nani?"

"Fikiria mama mwenzako."

Mumbua alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Siku mliyosoma la bwana yangu, mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Uliniuliza kama ananyonya?"

"Hapana."

"Mimi nilikuwa nimesimama karibu na wewe kuliko hapa. Nilichekwa kwa mto. Nilichekwa kwa kanisa. Hakuna aliyekuja kwa benchi kuniambia nifikirie. Sasa huruma yenu imetoka wapi, ama ilikuwa imekwenda likizo na Kiema?"

Sajini akasimama, akapangusa suruali.

"Na hata Kiema mwenyewe hajahukumiwa," akasema. "Huenda akasema mahindi aliuziwa. Utataka nimwite mwizi?"

"Aku! Nani amesema mwizi? Nzuki ndiye mlimwita mwizi kabla hajahukumiwa. Mimi sitaki Kiema aitwe mwizi. Nataka aitwe Kiema."

Hilo sajini alilifikiria, ilionekana usoni. Lakini alirudi nyuma ya kaunta, akaandika la tano.

Tusimpambe Mumbua. Alirudi nyumbani siku hiyo na kichwa kinamwuma, kwa sababu msichana alikuwa ametajwa na hakuwa amependa kumfikiria. Alikumbuka bonge la uzi alivyopewa kwa mkono wa kulia na kicheko juu. Aligomba na Kavata bila sababu. Kisha akamwona Nzuki amekaa kwenye kigogo nyuma ya nyumba, akichonga mpini ambao hakuna jembe lake, na akajua wiki ijayo atakwenda tena.

Alikwenda mara ya sita, na mara ya saba. Ya saba iliangukia siku ya inspekta. Mumbua alikuwa kwenye benchi na kiondo chake, na hakuna aliyemfukuza kwa kuwa walikwisha kumzoea kama kiti. Inspekta alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani ambayo aliivaa tu kusoma. Akafungua kitabu. Akafungua ukurasa wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Njogu, huyu mama anataka nini?"

"Anataka jina la Kiema lisomwe kwa baraza, afande."

"La bwana yake lilisomwa?"

"Ndiyo, afande."

"Nani alilisoma?"

"Mimi, afande."

"Sasa umepoteza sauti?"

Sajini akasimama wima.

Mtu asidhani inspekta alikuwa ameguswa moyo. Alikuwa ameona namba saba katika kitabu ambacho wakubwa wake wangekuja kukipitia mwezi wa kwanza, na namba saba zilikuwa zinauliza swali moja lililoandikwa vizuri na mwandiko wa sajini mwenyewe, na chini ya kila moja mahali pa kuandika hatua iliyochukuliwa palikuwa patupu. Alichukua kalamu yake. Akaandika kwenye pengo la mwisho: lisomwe. Akavua miwani, akamtazama Mumbua kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Umefurahi?"

"Bado halijasomwa," Mumbua akasema.

Ijumaa watu walikuwa wengi, maana walisikia. Sajini Njogu alisimama mahali pake pa siku zote, kipaza sauti mkononi, kofia chini ya kwapa. Alianza na chanjo. Akaja kwa ada za soko. Kisha akafungua karatasi, ingawa hakuwa na haja nayo.

"Kiema, mwana wa Muthama, mzaliwa wa Matiliku, konstebo wa polisi katika kituo hiki, amekamatwa, na anashukiwa kwa wizi wa magunia tisa ya mahindi ya msaada. Nzuki, mwana wa Nzioka, aliachiliwa. Hakupatikana na kosa."

Upepo ulikuwa unavuma. Walio nyuma waliulizana amesema nini.

"Rudia, sajini," Mumbua akasema, si kwa sauti kubwa.

Akarudia. Kwa haki yake, alirudia yote, na la Nzuki alilisema polepole kuliko mara ya kwanza. Watu walitazama upande wa Nzuki, na Nzuki akatazama viatu vyake. Kisha wakatafuta Ndinda kwa macho, wakampata, amesimama mwisho na mtoto mgongoni. Hakuondoka. Alisimama mpaka baraza lilipofungwa, kama aliyeambiwa lazima.

Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, Mzee Jonah alisimama akasema, "Ndugu Nzuki, njoo mbele." Alisema hivyo tu. Nzuki akatoka kwenye benchi lile akatembea katikati, na ilikuwa mwendo wa hatua kama kumi na tano. Alipoanzisha, sauti ilimkatikia mara mbili, na mara ya tatu ikashika. Haikuwa sauti yake ya zamani. Watu waliifuata hivyo hivyo. Mumbua hakuimba; alikuwa anahesabu waliokuwa wanaimba na wasioimba, na alijua kila mmoja wao.

Kazi ya ulinzi hakurudishiwa. Stoo ilifungwa mwaka uliofuata baada ya mavuno. Kiema alifungwa mwaka mmoja na nusu, habari ikafika Kwa Kithome ikiwa imechelewa na haina ladha tena.

Ndinda alipewa siku kumi na nne kutoka katika nyumba ya laini. Siku ya kumi na mbili alifika nyumbani kwa Mumbua jua likiwa limekwisha kupanda, na debe la maji mgongoni, kamba ya debe imepita kwenye kipaji cha uso, mtoto kifuani. Maji yalikuwa bado shida. Mto ulikuwa na mchanga wa kuchimba, na kutoka huko hadi hapo ni mwendo. Alitua debe mlangoni, akakaa chini kupumua.

"Ni nini?" Mumbua akauliza.

"Deni, mwaitu. Mwezi wa nane tanki la laini lilipokauka ulinipa debe moja. Nikasema nitarudisha."

Mumbua alikuwa amelisahau. Mwaka ule, kati ya majirani, maji yaliazimwa kwa debe na kurudishwa kwa debe, na asiyerudisha hakuazimwa tena. Lakini tangu mambo ya uzi yaanze hakuwa amewaza kumdai msichana huyu chochote.

"Si ungeacha tu. Unaondoka keshokutwa."

"Niondoke na deni lako?" Ndinda alipangusa jasho kwa kona ya leso ya mtoto. "Wewe, mwaitu? Sitaki na mimi nisomwe kwa baraza."

Alisema bila kucheka, na Mumbua naye hakujua acheke au asicheke. Alimtazama yule msichana. Alitaka kusema kitu juu ya bonge la uzi. Alikuwa na maneno ya kila kitu, mwanamke huyu, na hayo hayakuja. Ndinda hakuyaomba. Alikuwa anafungua kamba ya debe.

"Limejaa?" Mumbua akauliza mwishowe.

"Angalia mwenyewe."

Akaangalia. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na juu yake yameelea majani mawili ya kuzuia maji yasimwagike njiani. Akayatoa majani, akainua debe kwa mikono miwili, akamimina yote kwenye pipa lake, polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha akasuuza debe kwa kiganja, akamrudishia mwenyewe.

"Haya," akasema. "Limekwisha. Ingia ndani, mtoto apate kivuli, kuna uji."